Kubadili Oili ya Giaboksi Nyumbani: Soma Dalili Kabla ya Kushusha Boksi

Malalamiko ya giaboksi za gia za mkono hapa Mwanza yanafanana sana. Kirikuu inayobeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba inakwaruza gia ya pili. Haisi inavuma ikiwa imesimama kituoni Igoma, dereva akikanyaga klachi mlio unakatika. Probox imebadilishwa oili Jumamosi, Jumatatu asubuhi kuna doa chini yake. Na jibu ambalo mwenye gari hupewa haraka ni lile lile: shusha boksi.

Mara nyingine boksi kweli linatakiwa kushushwa. Lakini kabla ya kufika huko kuna shahidi ambaye karibu kila mtu humwaga bila kumhoji, nayo ni oili iliyokuwa ndani. Imetoka kiasi gani? Ina rangi gani? Inanukaje? Sumaku ya nati imekamata nini? Ukishajibu hayo, shida nyingi zinajitenga zenyewe: hii ni ya klachi, hii ni ya oili isiyofaa, hii ni ya beringi. Ndiyo maana nimepanga mwongozo huu kwa dalili, na karibu kila dalili itakurudisha kwenye beseni la oili chafu.

Kabla hujalala chini ya gari

Nyumba zetu nyingi ziko mlimani. Ukikaa Isamilo, Bugando au Mabatini kwa juu, huenda uwanja wako wote umeinama. Usifanyie kazi hapo. Gari linaweza kuteremka kwenye jeki, na hata lisipoteremka, kipimo cha oili kitakudanganya, kwa sababu kina kinasomwa gari likiwa sawa magurudumu yote manne. Omba nafasi kwa jirani mwenye uwanja tambarare na mgumu.

Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Weka stendi za chuma, weka vigingi kwenye magurudumu, vuta handibreki. Tofali la kuchoma au la saruji lisiwe msaada wa gari hata kidogo. Hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Kama huna stendi, kazi hii si ya nyumbani kwako leo. Nenda gereji yenye shimo, ulipe hela ya shimo, ubaki na uhai.

Endesha kilomita chache ili oili ipate uvuguvugu na itoke vizuri, kisha zima gari na uliache kidogo, maana bomba la ekzosi linalopita karibu na boksi linaunguza. Halafu hakikisha unachofungua ni giaboksi. Kwa magari ya kuvutia magurudumu ya mbele, injini na giaboksi vimekaa ubavu kwa ubavu, na wapo wanaomwaga oili ya injini wakidhani wamemwaga ya gia. Wanaongeza oili mpya kwenye boksi lililokwisha kujaa, na injini inawashwa ikiwa kavu.

Giaboksi nyingi zina nati mbili: ya kujazia, iliyo ubavuni kwa juu, na ya kumwagia, iliyo chini kabisa. Fungua ya kujazia kwanza. Usiiguse ya chini mpaka ya juu imelegea na unaweza kuizungusha kwa mkono. Nati ya juu ikigoma huku oili yote imeshamwagika, gari limekwama uani na hakuna pa kupitishia oili mpya.

Magari madogo mengi huchukua kati ya lita moja na nusu na lita mbili na nusu. Kiasi kamili cha gari lako kimo kwenye kitabu chake, na kitabu ndicho cha kufuata. Kujaza ni mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia: ukiingiza kidole na kukikunja kuelekea chini, ncha inagusa oili mara moja. Ikianza kuchuruzika, iache imalize kuchuruzika, kisha funga.

Oili ipi? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Ukienda duka la spea ukasema tu "nipe oili ya gia", unaweza kupewa 85W-140 ya GL-5. Hiyo ni nzuri kwenye difu ya Kanta, yaani lile boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu. Kwenye giaboksi ya gari dogo inaweza kuleta karibu kila dalili iliyoandikwa humu.

GL-4 na GL-5 ni viwango vya uwezo wa oili kukinga meno ya gia yanayobanana kwa nguvu. GL-5 ina kiasi kikubwa zaidi cha kemikali za salfa na fosforasi, kwa sababu meno ya difu husagana kwa kuteleza huku yakibeba mzigo mzito. Giaboksi ina kitu ambacho difu haina: zile ringi za shaba ambazo mafundi huziita sinkronaiza. Kazi yake ni kushika, yaani kusugua gia mpaka mwendo wake ulingane na wa shafti kabla meno hayajaumana. Oili yenye utelezi kupita kiasi inazinyima mshiko, na baadhi ya kemikali za GL-5 zinaweza kuila shaba yenyewe, hasa boksi likipata joto. Ndiyo sababu boksi lililoandikiwa GL-4 lisipewe GL-5 kwa hoja kwamba namba kubwa ni bora zaidi. Yapo magari yanayoruhusu zote mbili, Toyota kadhaa zikiwemo, na kitabu chake kitasema hivyo wazi.

Namba ya uzito nayo inachanganya watu. "90" ya oili ya gia haimaanishi kwamba ni nzito mara mbili ya "40" ya oili ya injini. Ni vipimo viwili tofauti. Oili ya gia ya 75W-90, ikiwa ya moto, iko karibu na oili ya injini ya 40 au 50. Na herufi W inahusu baridi kali: 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, 75W kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Ziwa letu halijawahi kuona baridi hiyo. Kwa Mwanza, kama kitabu kinaruhusu 75W-90 au 80W-90, yoyote kati ya hizo inatosha, na tofauti ya bei ningeiweka kwenye stendi na washa mpya, ile ringi bapa inayokaa chini ya nati kuzuia uvujaji.

Kuna magari ya pekee ya kuangalia. Honda kadhaa za zamani giaboksi yake ilitumia oili ya injini, na za baadaye zina oili yake maalumu. Zipo pia giaboksi za mkono zinazotumia oili ya gia otomatiki. Ukiona oili nyekundu nyepesi inatoka, usikimbilie kusema mtu alikosea. Soma kitabu kwanza. Na nunua kopo lililofungwa na lenye lakiri yake. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa huwezi kujua ni ya kiwango gani, hata muuzaji akiwa mwaminifu.

Dalili: nati ya kujazia haifunguki

Chanzo cha kawaida ni kutu na tope lililogandia. Kinachofuata ni nati iliyokazwa na mtu mwenye bomba refu. Cha mwisho, na kibaya zaidi, ni nati iliyokwisha kuviringika pembe.

Anza kwa brashi ya waya. Safisha mpaka uone umbo lote la nati, na ndani ya tundu kama ni ile ya kufunguliwa kwa alenki. Mchanga uliojaa mle unaifanya alenki ishike juu juu na kula kona. Pulizia dawa ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha nati kwa nyundo mara chache bila hasira, subiri, pulizia tena. Kuiacha usiku kucha kunasaidia kuliko kuongeza nguvu. Tumia soketi ya pembe sita inayobana sawasawa. Toyota nyingi za kazi hutumia namba 24. Ukilazimisha spana malaya (ya kurekebisha mdomo) inayocheza, pembe zinaondoka.

Ikikubali kulegea kidogo kisha ikakaza, irudishe nyuma, pulizia, fungua tena. Nyumba ya giaboksi nyingi ni aluminiamu, na nyuzi zake zinang'oka pamoja na nati.

Simama hapa: kama pembe zimeviringika, usianze kuchomelea nati nyingine juu yake au kutumia moto nyumbani. Chini ya gari kuna petroli, mipira na oili. Fundi mwenye vifaa ataitoa, na kwa kuwa bado hujamwaga kitu, utaendesha mwenyewe kwenda kwake.

Dalili: oili inavuja baada ya kubadilisha

Usianze kukaza nati. Futa kila kitu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, endesha mzunguko mfupi, kisha lala chini na tochi. Oili hushuka na hupeperushwa nyuma na upepo, kwa hiyo doa lililo chini linaweza kuwa limetoka juu kabisa.

Mara nyingi ni mabaki tu ya oili iliyomwagikia kwenye boksi wakati wa kujaza. Ukishafuta, halirudi.

Likirudi, tazama washa. Washa ya shaba au aluminiamu hubanwa ikachukua umbo la nati mara moja. Ikirudishwa mara ya pili haizibi vizuri. Nunua mpya, ni senti chache ukilinganisha na oili. Baadhi ya nati hazina washa, zimechongwa kwa kupungua kuelekea ncha, na zinajifunga kwa nyuzi zake. Hizo zinahitaji dawa kidogo ya kuziba nyuzi, si kukazwa mpaka boksi lipasuke. Mkazo wa nati hizi kwa magari mengi madogo uko kati ya 30 na 50 Nm. Ni mkono mmoja kwenye spana ya kawaida, bila bomba la kuongezea urefu.

Kisha kuna kujaza kupita kiasi. Oili nyingi hupigwa na gia mpaka itoe povu, ipate joto, na itafute njia kupitia kipumulio au sili (ringi ya mpira inayozuia oili pale shafti inapopita). Ukiona unyevu juu ya boksi karibu na kipumulio, weka gari tambarare, fungua nati ya juu, iache ziada itoke. Kipumulio chenyewe, kile kikofia kidogo au mpira mwembamba juu ya boksi, huziba kwa vumbi na tope. Kikiziba, hewa ya moto inakosa pa kutokea na inasukuma oili kwenye sili. Kisafishe kabla hujalaumu sili.

Mwisho ni sili zenyewe. Oili ikionekana pale shafti ya gurudumu inapoingia kwenye boksi, ni sili ya shafti. Ikionekana nyuma pale propela (shafti ndefu ya kwenda kwenye difu ya nyuma) inapoingia, ni sili ya mkia. Mwenye uzoefu wa kutoa shafti anaweza kuibadilisha nyumbani. Lakini oili ikidondoka kwenye kibonde kati ya injini na giaboksi, simama. Hiyo ni sili ya mbele ya boksi au ya nyuma ya injini, boksi ni lazima lishuke, na oili ikigusa sahani ya klachi itaanza kuteleza. Inuse: oili ya gia ina harufu kali ya salfa, ya injini haina. Ukimpelekea fundi habari hiyo umempunguzia kazi.

Dalili: gia zinaingia kwa shida

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Zima injini, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, jaribu tena.

Kama zinaingia laini injini ikiwa imezimwa na zinagoma ikiwa imewashwa, giaboksi huenda haina kosa. Klachi haiachii. Tazama oili ya breki kwenye kikopo cha klachi, tazama unyevu kwenye silinda ya juu karibu na pedali na ya chini karibu na boksi, angalia kama pedali inakwenda laini kama sponji kwa sababu ya hewa kwenye mfumo. Kwa gari lenye waya, waya unaweza kuwa umelegea. Nimeiweka mbele kwa sababu hii ndiyo inayowafanya watu wabadilishe oili, kisha wabadilishe tena ya bei kubwa zaidi, na gia zibaki vile vile.

Kama zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, tazama nyaya au fimbo za gia. Vipande vya plastiki kwenye ncha zake huisha, na mkono wa gia unapoteza njia. Hapo pia oili haihusiki.

Kama ugumu ulianza siku ile ile uliyobadilisha oili, basi oili ndiyo ya kwanza kushukiwa. 85W-140 kwenye boksi lililoandikiwa 75W-90 inafanya gia kuwa nzito asubuhi na kulainika kidogo gari likipata joto. Usisingizie baridi ya ziwani. Mwaga, weka inayostahili, na oili uliyomwaga ikiwa safi itafaa difu inayoikubali.

Dalili: gia inakwaruza

Gia ya nyuma ikikwaruza peke yake, na zote za mbele ni laini, tulia. Magari mengi hayana sinkronaiza kwenye gia ya nyuma. Kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu ili shafti isimame, kisha ingiza. Ikibaki kukwaruza hata baada ya kusubiri, rudi kwenye jaribio la klachi.

Ikikwaruza gia ya pili au ya tatu wakati wa kubadilisha kwa haraka, hatua ya kwanza ni kupima kina cha oili, ya pili ni kuhakikisha kiwango chake. Gari likiwa na GL-5 mahali pa GL-4, badilisha, liendeshe wiki chache, kisha ndipo uhukumu. Oili sahihi inaweza kurudisha mshiko wa ringi zilizokuwa zinateleza, lakini haiwezi kurudisha shaba iliyokwisha kulika.

Hapo ndipo beseni lako linasema. Chuja oili ya zamani kwenye kitambaa cheupe, juani. Vumbi la kijivu laini kwenye sumaku ya nati, linalopakika kidoleni kama masizi, ni uchakavu wa kawaida. Mng'ao wa rangi ya dhahabu unaoelea kwenye oili ni shaba ya sinkronaiza. Ukiwa hafifu kwenye gari la kilomita nyingi unaweza kuendelea kulitumia ukibadilisha gia taratibu, ukiwa mwingi ujue ringi zinakwisha. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, vyenye ncha au umbo la jino, vinamaanisha simama. Usijaze oili mpya na kuingia barabarani kuelekea Shinyanga ukitumaini mema. Kipande kilichobaki ndani kitaingia kati ya gia mbili, na boksi ambalo lingetengenezwa litakuwa chuma chakavu.

Madereva wa Kirikuu za mzigo hasa nawasihi: gia ya pili huumia kwa sababu ya kuteremshwa kutoka ya tatu mlimani kwa mwendo mkubwa, gari limejaa. Punguza mwendo kwanza, kisha teremsha gia.

Dalili: mlio au mvumo

Sikiliza kwa mpangilio huu, gari likiwa limesimama na injini ikiwaka, gia ikiwa huru.

Mvumo upo ukiwa umeachia klachi, na unakatika ukikanyaga: beringi ya shafti ya kuingilia kwenye boksi, au oili imepungua. Pima oili kwanza, kwa sababu oili pungufu huleta mlio huo huo na ukiiwahi beringi inaweza kuwa bado nzima.

Mlio unaanza ukikanyaga klachi na kukatika ukiachia: beringi ya klachi. Oili haitausaidia. Boksi litashushwa siku fulani, kwa hiyo panga fedha, na siku hiyo badilisha sahani, kava na beringi kwa pamoja.

Mvumo unapanda na mwendo wa gari katika gia zote, hata ukiachia gia gari likiwa linatembea: beringi za upande wa kutokea, difu, au hata beringi ya gurudumu. Wengi hushusha boksi kwa kosa la beringi ya gurudumu. Nyanyua kila gurudumu, lizungushe kwa mkono, lishike juu na chini ulitikise.

Mvumo upo kwenye gia moja tu: gia hiyo ina kasoro. Ikiwa ni ya tano, pima oili haraka. Kwenye magari mengi ya kuvutia mbele gia ya tano imekaa mwisho wa boksi, na oili ikipungua ndiyo inayokauka mapema.

Mvumo ulioanza mara tu baada ya kubadilisha oili, mara nyingi ni kipimo kibaya: gari lilinyanyuliwa upande mmoja wakati wa kujaza, oili ikachuruzika tunduni mapema, ukafunga ukidhani imejaa. Linganisha ulichotoa na ulichoweka. Ukitoa lita mbili ukaweka moja na nusu, umeshapata jibu.

Mlio ukiwa wa kugonga, wa chuma kwa chuma, zima injini. Usijaribu "kusikiliza kidogo zaidi".

Dalili: oili imekuwa kama chai ya maziwa

Hayo ni maji. Kwa watu wa kandokando ya ziwa chanzo kikubwa ni kuingiza gari majini: kuoshea mwaloni magurudumu yakiwa ndani ya ziwa, au kuvuka maji wakati Mto Mirongo umefurika masika. Boksi lenye joto likiingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio na sili. Inatosha mara moja.

Maji yanaondoa utando wa oili kwenye beringi na kuanzisha kutu, kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi. Mwaga, jaza oili mpya ya bei nafuu lakini ya kiwango kilekile, endesha kilomita chache taratibu, mwaga tena. Ikitoka bado na weupe, rudia. Ukiridhika, jaza ile nzuri. Usisafishe ndani kwa petroli wala dizeli. Mabaki yake hujificha kwenye pembe za boksi na kuipunguza nguvu oili mpya. Tazama na difu pia, maana yalipoingia maji hayo, difu nayo ilikuwa chini. Kisha hakikisha kipumulio kimekaa mahali pake. Kwenye magari ya juu mpira wake unaweza kuongezwa urefu ukapandishwa hadi karibu na injini.

Ikiwa gari lilikaa ndani ya maji saa nyingi na likabaki wiki bila kumwagwa oili, mpe fundi alifungue. Kutu ya beringi huioni kupitia tundu la nati.

Na hiyo oili chafu, tafadhali, isiende mferejini. Mirongo unapita katikati ya mji na kuingia ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa kwenye ziwa hilo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la hifadhi. Kumwaga oili na kuoshea magari pale ni kuchafua jiko letu sote. Irudishe kwenye kopo tupu la oili mpya, funga kifuniko, ipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Usimpe mtu wa kupaka mbao za banda la kuku, wala usiimwage uani kuua majani kama una kisima.

Dalili: kiasi kilichotoka hakilingani na kitabu

Kikitoka pungufu na hakuna uvujaji wa nje, kwa gari la kawaida huenda aliyepita hakujaza. Kwa Land Cruiser na magari mengine yenye transifa (boksi la pili linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), fungua na transifa. Ikitoka nyingi kuliko kawaida yake, oili inahama kutoka giaboksi kupitia sili iliyo kati yao. Wapo wanaoishi na hali hiyo kwa kupima mara kwa mara na kusawazisha, lakini boksi lililosahaulika safarini kuelekea Sengerema linaungua huku transifa imejaa. Sili hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili: gia inachomoka yenyewe

Angalia raba za kushikilia injini na giaboksi; zikikatika, injini hujitikisa ukiachia akseleta na kuvuta gia itoke. Angalia nyaya na fimbo za gia, na kama kuna kitambaa kigumu au zulia linalozuia mkono wa gia kufika mwisho. Zaidi ya hapo ni ndani: meno yaliyolika, uma wa gia uliopinda, springi zilizochoka. Oili haitibu. Usiendelee kuendesha ukiwa umeshikilia gia kwa mkono, hasa kwenye miteremko, kwa sababu gia ikichomoka umepoteza breki ya injini.

Gari likibidi kuvutwa

Ukiamua kusimama, namna ya kulifikisha gereji nayo ina madhara. Gari la kuvutia magurudumu ya mbele, nyanyua mbele au lipakie. Kwa Haisi, Kirikuu na pikapu zenye difu nyuma, kulivuta umbali mrefu magurudumu ya nyuma yakizunguka kunazungusha shafti ya kutokea ndani ya boksi wakati gia za chini zinazorusha oili zimesimama, na beringi zinakauka. Kutoka Buhongwa hadi Nyakato, mwendo wa polepole na oili ikiwa imejaa, hakuna shida kubwa. Kutoka Misungwi au Magu, fungua propela upande wa difu na uitoe, kisha ziba tundu la mkia wa boksi kwa mfuko mgumu na mpira ili oili isimwagike njiani. Weka alama ya rangi kwenye flanji mbili kabla hujafungua bolti, ili propela irudi ilivyokuwa. Ikiwa oili imeshakauka kabisa au boksi linagonga, usivute. Pakia kwenye gari la kubebea.